KUFULI LIMEMFUNGIA NJE MWENYE NYUMBA, MWIZI KAKARIBISHWA CHAI

Wale mliotegemea niendelee na stori za wachumba wa mjini naomba mnivumilie, hizo tutazirudia tu. Leo nina jambo linalowakera watu kimyakimya, kila mtu kwa wakati wake, simu mkononi na jasho usoni. Nazungumzia paswedi. Wasomi wanaiita nywila, mawakala wa pesa wanaiita namba ya siri, sisi wa vijiweni tunaiita paswedi, lakini maumivu ni yaleyale.

Hebu nikuulize, mpenzi msomaji, unazo ngapi? Hesabu taratibu. Ya kufungulia simu, moja. Ya pesa kwenye laini ya kwanza, na ya laini ya pili maana mtoto wa mjini hatembei na laini moja. Ya benki. Ya barua pepe. Ya Facebook, ya Instagram, ya TikTok. Ya kuombea mkopo wa chuo. Ya kuombea kazi serikalini. Hapo hujafika kwenye ile ya simu ya mwenzio, ambayo unaijua lakini yeye hajui kwamba unaijua. Hiyo nayo ina siku yake, usinune.

Binadamu ana kichwa kimoja, na kichwa hichohicho kinatakiwa kikumbuke kodi ya nyumba, deni la dukani kwa Mangi na siku ya kuzaliwa ya mpenzi. Kwa hiyo tunafanya ujanja. Paswedi moja kwa kila kitu, tena jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Mtandao unakujia juu: haitoshi, weka herufi kubwa. Unaweka. Haitoshi, weka tarakimu. Unaweka. Haitoshi, weka alama. Unabandika nyota, unashangilia umeingia. Baada ya wiki mbili unarudi, hukumbuki kama nyota ilikuwa mwanzoni au mwishoni. Unajaribu mara tatu, unaambiwa subiri, tunakushuku. Ebo! Nishukiwe kwa kuingia kwangu mwenyewe?

Kama unadhani kichwa chako ndicho kibovu, sikia hii. Masharti hayo ya herufi kubwa na alama za ajabuajabu yalienea duniani baada ya mwongozo wa mwaka 2003 ulioandikwa na mtaalamu mmoja wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, anayeitwa Bill Burr. Makampuni, mabenki na maofisi wakaufuata kama amri. Mwaka 2017, akiwa ameshastaafu, Burr aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi kati ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ikatoa mwongozo mpya: paswedi iwe ndefu, na watu wasilazimishwe kuibadilisha kila mara bila sababu, maana ukiwalazimisha wanageuza moja kuwa mbili na mbili kuwa tatu, na wizi uko palepale. Kwa hiyo dunia ilisumbuka miaka 14 kwa kanuni ambayo mwenyewe aliyeitunga kaikana. Mpaka leo kuna tovuti humu nchini bado zinadai ile nyota yako.

Lakini hayo ni maumivu ya watu wa Sinza na Magomeni. Kuna kona moja ya nchi hii ambako suala la kufuli limefika mbali zaidi, na ndiko ninakotaka kuwapeleka leo. Ni Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Kwa wasiofika: ukitoka Kahama unafuata lami ya malori mpaka Nyakanazi, kisha Lusahunga, hapo uko Biharamulo. Kaza mwendo, pita Nyakahura, utaingia Ngara. Mbele ya hapo njia moja inakupeleka Rusumo kwa Wanyarwanda, nyingine Ngara mjini hadi Kabanga kwa Warundi. Madereva wa malori wanaijua njia hiyo kama sebule zao.

Vijana wa huko wana simu kama za kwenu. Wana kila kitu mlichonacho, isipokuwa uhakika kwamba kesho kufuli litawatambua.

BARUA PEPE YA STESHENARI

Tuanze na kisa cha kawaida, ambacho hata wewe wa mjini unaweza ukawa na binamu yako aliyepatwa nacho. Kijana kamaliza chuo. Anahitaji barua pepe. Anakwenda steshenari karibu na stendi, pale wanapotoa fotokopi, wanapochapa barua na kuuza peni. Mwenye steshenari ni mtu mwema, anamfungulia kwa buku moja. Google inaomba namba ya simu. Simu ya kijana haina chaji. “Usijali mdogo wangu, tuweke yangu tu.” Paswedi inawekwa na yuleyule kaka, na kwa sababu ana wateja wengi, wote huwapa inayofanana. Anaiandika kwenye kikaratasi. Kikaratasi kinaingia mfukoni, suruali inaingia kwenye beseni.

Inapita miezi minane. Zinatangazwa nafasi za kazi. Siku hizi maombi ya kazi serikalini yanapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, unaotaka uwe na akaunti, barua pepe na namba ya NIDA. Kijana kasahau paswedi ya mfumo. Mfumo unamwambia nenda kwenye barua pepe. Barua pepe inamwambia nimetuma kodi kwenye simu inayoishia na namba fulani. Simu hiyo ni ya kaka wa steshenari. Na kaka wa steshenari alishahamia Katoro kuuza spea za pikipiki, laini ile kaiacha. Maombi yanafungwa kesho saa sita usiku.

Hapo umlaumu nani? Google hawana kosa, kwa upande wao wameweka kufuli imara. Mwaka 2021 waliwawashia watu zaidi ya milioni 150 ile hatua ya pili ya kuthibitisha, bila kusubiri waombe, na mapema 2022 wakasema uvamizi wa akaunti hizo ulipungua kwa nusu. Hiyo ni kazi nzuri, tusiwe wachoyo wa sifa. Kaka wa steshenari naye alisaidia. Kijana ndiye aliyebaki nje ya mlango, na nyumba ni yake.

SIMU ILIYOVUKA MPAKA PEKE YAKE

Haya, tuseme wewe ni mjanja, barua pepe umefungua mwenyewe kwa namba yako. Unaishi Kabanga au Rusumo. Unakaa kibarazani, hujatoka hata hatua moja, simu inalia. Unasoma: karibu Burundi. Mnara wa jirani umeishinda nguvu minara ya nyumbani, simu imedaka mtandao wa nje. Kama umeruhusu simu ijipange saa yenyewe, na saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja, maana Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Nyumbani ni saa nne, simu inasema saa tatu. Kuna watu wamechelewa basi kwa mchezo huo.

Sasa jaribu kuingia benki ukiwa kwenye hali hiyo. Benki inatuma kodi ya tarakimu sita, inakupa dakika chache tu. Laini yako haijawashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, kwa hiyo meseji inazunguka angani kama kunguru aliyekosa mti. Unapanda kilimani kuutafuta mtandao wa nyumbani, unaupata, kodi inaingia. Unaiandika. Jibu: muda umekwisha. Unaomba nyingine, simu inakaribishwa Burundi tena. Ukirudia mara ya tatu na ya nne, mfumo unaanza kukutilia shaka kwamba unaingilia kutoka nchi nyingine. Noma!

Aliyebuni kufuli hilo alidhani mtu na simu yake wanakaa nchi moja muda wote. Hakuwahi kulala Kabanga.

KIDOLE KINAULIZWA UKOO

Hapo ndipo tunafika kwenye kasheshe yenyewe. Namba ya simu ndiyo mama wa kufuli zote. Kodi za benki zinapita hapo, barua pepe hapo, WhatsApp hapo. Na namba yenyewe inafunguliwa kwa kidole.

Mnakumbuka mwaka 2019. Usajili wa laini wa kwanza, ule ulioanza 2009, ulikuwa wa kirafiki, ulisajili hata kwa kitambulisho cha kura. Kuanzia Mei 2019 ikaja amri nyingine: alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019. Foleni zikawa ndefu kuliko za mechi ya Simba na Yanga. Mwishoni mwa Desemba Rais John Magufuli, akiwa nyumbani kwake Chato, alisajili laini yake na kuongeza siku 20, mpaka Januari 20, 2020. Baada ya hapo laini zikaanza kuzimwa. Na Chato, kwa taarifa yako, zamani ilikuwa sehemu ya wilaya hiyohiyo ya Biharamulo.

Nia ilikuwa nzuri. Matapeli walikuwa wanasajili laini kwa majina ya marehemu. Lakini sharti la kupata namba ya NIDA ni kuthibitisha uraia, na kuthibitisha uraia mpakani ni habari nyingine kabisa. Wewe wa Dar ulipokwenda NIDA uliulizwa jina, ukapigwa picha, ukaambiwa subiri. Mtu wa Ngara anakaa mbele ya ofisa wa Uhamiaji na maswali yanaanza. Baba kazaliwa wapi? Babu je? Babu wa babu? Kaburi lake liko kijiji gani? Nani jirani anaweza kushuhudia?

Tusimwonee ofisa, naye yuko kazini. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na kuingia Ngara, na Benaco ikawa kambi iliyotajwa dunia nzima. Warundi nao wamekuwa wakikimbilia huko mara kwa mara. Serikali inaogopa kumpa asiye raia kitambulisho cha raia, na hofu hiyo ina msingi.

Ila sasa mgeukie mwenyeji. Kihangaza, lugha ya watu wa Ngara, na Kirundi vinasikilizana vizuri, mtu asiyezoea hawezi kuvitofautisha. Majina yanafanana. Watu wameoana. Mpaka wenyewe ulichorwa na Wazungu, na sehemu ya Bugufi hapo Ngara hapo kale ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi. Wazee wengi walizaliwa nyumbani, mkunga akiwa jirani, cheti cha kuzaliwa hawajawahi kukishika. Na mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwaondoa wahamiaji haramu, kwa hiyo watu wanajua kwamba swali la “wewe ni wa wapi” laweza kuishia kwenye lori. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aende ofisini kuulizwa ukoo wake ili tu apate laini ya simu, wengine wanaona heri waache.

Na hawaachi simu. Wanaacha jina lao.

LAINI YA SHEMEJI

Unakijua kinachofuata. Anamwomba shemeji aliyepata NIDA aweke kidole. Laini inasajiliwa kwa jina la shemeji, simu inakaa na yeye. Maisha yanaendelea. Anauza maharage gulioni, mnunuzi anatuma pesa. “Kaka, jina litakuja la mtu mwingine, usishtuke, ni mimi.” Pesa inaingia. Anaweka akiba humohumo, maana benki iko mbali. Ada ya mtoto, mbolea, kila kitu kipo ndani ya laini ya shemeji.

Siku moja anakosea namba ya siri mara nyingi, akaunti inafungwa. Anapiga huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti nzuri anamuuliza jina kamili la mmiliki, namba ya NIDA ya mmiliki, na mwisho wanamtaka mmiliki mwenyewe afike dukani na kidole chake. Mmiliki yuko machimboni, au kagombana na dada na ndoa imevunjika, au Mungu kamchukua. Kama kafa, pesa ya maharage inakuwa mirathi ya shemeji, na ndugu zake wanaweza kuja kuidai wakiwa na karatasi ya mahakama. Aliyelima anabaki mtazamaji.

Sasa nataka hapa msomaji wangu usimame kidogo. Ile meseji ya matapeli mnayoipata kila siku inasemaje? “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani.” Umeona? Tapeli na mkulima wa mpakani wanasema maneno yaleyale. Tapeli anajificha kwenye jina la mtu kwa kupenda, mkulima kajikuta humo kwa kukosa jina lake kwenye mfumo. Na mfumo hauwezi kuwatofautisha. Kufuli lililowekwa kumzuia tapeli limemvalisha mtu mwema nguo za tapeli.

“HAKISOMI, WEKA TENA”

Wapo waliopata NIDA bila shida, nao wana yao. Bibi kasimama kwenye mwamvuli wa wakala siku ya gulio.

“Shikamoo bibi. Lete kidole hapa.”

“Marahaba mjukuu wangu.”

“Bibi, hakisomi. Kipanguse, weka tena.”

“Kimeshika jembe miaka hamsini, mjukuu wangu. Unataka kisome nini?”

Tunacheka, lakini ni kweli, mikono ya kazi inafutika alama, na mashine inaona ukuta mtupu. Bibi anaweka mara ya pili, ya tatu, ya sita. Na hapohapo mjanja naye kapata upenyo. Kuna mchezo wa baadhi ya wasajili wasio waaminifu: kidole kinasoma mara ya kwanza, laini ya mteja inasajiliwa, halafu msajili anakunja uso, “hakisomi, weka tena.” Mara ya pili anasajili laini nyingine kwa jina la yuleyule bibi, na laini hiyo anaiuza. Baada ya miezi mtu Mwanza kalizwa laki tatu, polisi wanafuatilia, jina linaloonekana ni la bibi wa Rulenge asiyejua hata kusoma meseji.

Na hapo ndipo ubaya wa kidole unapoonekana. Paswedi ikijulikana unaibadilisha. Kidole kikitumika vibaya utakibadilisha na nini? Mungu kakupa kumi tu.

Kwa hiyo leo, kabla hujafika mwisho wa gazeti, bonyeza *106# kwenye simu yako, ufuate maelekezo. Utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni husika ikafutwe mara moja. Kisha mfanyie hivyo mama yako na bibi yako, wao hawasomi safu hii.

TUNALIPA KWA KUJIANIKA

Kila kufuli jipya linakuomba kitu chako. Lete namba. Lete picha ya uso. Lete kidole. Lete tarehe ya kuzaliwa. Wanasema ni kwa usalama wako, na mara nyingi ni kweli. Lakini siyo mara zote, na siyo kwa usalama pekee.

Facebook iliwaomba watu namba za simu kwa ajili ya ile hatua ya pili ya kujilinda. Ikagundulika namba hizohizo zilitumika kuwalenga watu kwa matangazo ya biashara. Lilikuwa moja kati ya makosa kadhaa yaliyoifanya mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, kuitoza faini ya dola bilioni 5 Julai 2019. Twitter nayo, ambayo siku hizi inaitwa X, ilikubali kulipa dola milioni 150 Mei 2022 kwa kosa la aina hiyohiyo, lililogusa watu zaidi ya milioni 140. Yaani mtu kakuomba ufunguo akulindie nyumba, kumbe anautumia kuingiza wachuuzi sebuleni.

Na sisi wenyewe je? Chukua kitambulisho chako cha NIDA ukitazame. Namba ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa jiulize namba yako ya siri ya pesa ni ipi. Kama ni mwaka wako wa kuzaliwa, basi kila uliyemwachia fotokopi ya kitambulisho umemwachia na ufunguo. Na fotokopi hizo tumeziacha wapi? Gesti, kwa mwenye nyumba, kwenye vikundi vya mikopo, kwa wakala, steshenari. Zile zilizotoka na weusi pembeni hutupwa kwenye boksi, na kutoka kwenye boksi mama muuza karanga anafungia karanga. Kuna mtu kala karanga zake na tarehe ya kuzaliwa ya jirani.

Sheria ipo, tusiseme haipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Aprili 3, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yake. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Tatizo ni kwamba mwenye gesti wa Nyakanazi hajaisikia, na mteja wake pia. Nawe ukiombwa kitambulisho, uliza tu kwa adabu: cha nini, na nakala mtaiweka wapi? Hilo swali dogo halijawahi kumuua mtu.

MWIZI HAVUNJI, ANAPIGA HODI

Baada ya kufuli zote hizo, mwizi anaingiaje? Kwa mdomo, ndugu zangu. Mwizi wa siku hizi hashindani na kompyuta. Anakupigia asubuhi na mapema, sauti ya kiofisa, “nakupigia kutoka makao makuu ya mtandao wako, akaunti yako inataka kufungwa.” Kwa sababu kufungiwa nje ni jambo tunaloliogopa sote, moyo unaruka. Anasema kuna kodi ya tarakimu sita itaingia sasa hivi, nisomee. Unamsomea. Kwisha kazi! Au rafiki yako wa WhatsApp anakuandikia, “samahani, kodi yangu imekuja kwako kimakosa, nirudishie.” Kumbe rafiki kashaibiwa jana, na kodi ni ya kwako.

Ndiyo maana nimesema kakaribishwa chai. Na kwa maoni yangu, kadiri kufuli linavyomsumbua mwenye nyumba ndivyo linavyomrahisishia mwizi. Mtu aliyewahi kuhangaika siku tatu kurudisha laini yake atamwamini yeyote anayeahidi kumsaidia. Aliyezoea kumpa wakala simu yake “nisaidie kubonyeza” hatashtuka akiombwa namba ya siri. Tumefundishwa kuomba msaada kwenye mlango wetu wenyewe.

TUFANYEJE?

Kwa upande wetu sisi wadogo, haya machache yanatosha. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Kodi iliyoingia kwenye simu yako haisomewi mtu yeyote, awe ofisa, awe mchungaji, awe mchumba. Kwenye WhatsApp washa ile hatua ya pili yenye namba sita unazochagua mwenyewe, dakika mbili tu. Kwa akaunti muhimu tumia paswedi ndefu ya maneno manne matano unayoweza kuyakumbuka, hata ya kuchekesha. Kama unaiandika, iandike kwenye daftari lililoko nyumbani, siyo kikaratasi cha mfukoni. Ukibadilisha laini, kwanza kaiondoe ile ya zamani kwenye barua pepe na benki, maana laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni inaweza kuifunga na kumuuzia mtu mwingine, na kodi zako zikamfuata yeye. Meseji za “ile hela” zipeleke 15040, TCRA wanazipokea. Na wewe mwenye steshenari, mteja akija bila chaji, mwambie kaka, chaji kwanza, tutafungua baadaye.

Lakini kuna yasiyo mikononi mwetu. Mtu wa Murusagamba hawezi kujiundia ushahidi wa babu yake. Anayeweza kumsaidia ni serikali ya kijiji inayomjua toka utoto, NIDA na Uhamiaji kwenda kwake badala ya yeye kulipa nauli kwenda na kurudi mara nne, na jibu kutoka kwa wakati hata kama ni la hapana, ili ajue anakata rufaa wapi. Makampuni ya simu nayo yafikirie vidole vilivyofutika, na laini zilizokwama kwa mashemeji. Iwepo njia ya halali na ya wazi ya kumhamishia laini aliyeitumia miaka yote, bila kumfanya ajione mhalifu.

Maana zamani kijijini kufuli lilikuwa rahisi. Ulibisha hodi, ukaulizwa “wewe mtoto wa nani?”, ukajibu, ukaingia. Balozi wa nyumba kumi alikujua wewe, mama yako na mbuzi wako. Swali ni lilelile mpaka leo, ila anayeuliza hakujui, hajawahi kufika kwenu, na ukijibu anaandika. Mimi sidai arudi balozi. Nadai tu kwamba kufuli likishapewa jina langu, uso wangu na kidole changu, siku nikirudi nyumbani usiku lifunguke.

Haya, nimemaliza. Kabla hujakunja gazeti, *106#, usisahau. Wiki ijayo tunarudi kwa wachumba wetu, na ile paswedi ya simu ya mwenzio nitaigusa, wenye makosa mjiandae. Tchao!